Pleti nne, swichi nne: kwa nini jiko la gesi huwachanganya watu

Mwambie mgeni awashe pleti ya nyuma kushoto kwenye jiko la gesi la pleti nne. Atainama, atatafuta alama kando ya swichi, na si ajabu akawasha ya mbele. Mwenye jiko anaweza kucheka. Anayebuni vifaa hana ruhusa hiyo: watu wengi wakikosea palepale, kosa ni la kifaa.

Chanzo ni mpangilio. Pleti zimekaa mraba, mbili mbele na mbili nyuma, ilhali swichi zimepangwa mstari mmoja. Mstari hausemi lolote kuhusu mbele na nyuma, kwa hiyo mtumiaji hana budi kukariri au kusoma. Na akikariri, akihamia jiko la kampuni nyingine anaanza upya, maana huku swichi ya kwanza kushoto ni ya pleti ya nyuma, kule ni ya mbele. Jiko la pleti mbili halina shida hii kabisa: ya kushoto ni ya kushoto.

Mwaka 1959 watafiti wa Marekani, Chapanis na Lindenbaum, walilinganisha mipangilio minne ya jiko la namna hii. Mmoja tu haukuzaa kosa hata moja: ule ambao pleti za mbele na za nyuma zimepishana, kiasi kwamba ukisimama mbele hakuna pleti iliyojificha nyuma ya nyingine, na kila swichi iko chini ya pleti yake. Dawa inajulikana miaka yote hiyo, lakini majiko mengi madukani bado ni ya mraba na mstari. Kupishanisha pleti kunakula nafasi, na sufuria mbili kubwa huanza kugombania katikati. Kama umbo la juu haligusiki, basi panga swichi nazo mraba, upande wa kulia. Alama iwe njia ya mwisho, na iwe imechongwa ndani ya chuma. Ya rangi haitadumu mbele ya stilwaya.

Mwelekeo wa kuzungusha nao una mantiki ambayo watu huidhania kuwa makosa. Kwenye majiko mengi unabonyeza swichi, unazungusha kinyume cha mwendo wa saa, na moto mkubwa kabisa unakuja kwanza. Mdogo uko mwisho wa mzunguko. Mtu angetegemea zima, mdogo, mkubwa. Lakini moto huwaka kwa urahisi gesi ikitoka kwa wingi, na la muhimu zaidi, anayepunguza moto wa wali hasogei kuelekea kwenye zima. Kama mdogo ungekaa jirani na zima, mkono ukipitiliza kidogo moto ungezimika, naye angekuja kukuta wali mbichi. Kubonyeza nako kuna kazi yake: kanga ikinasa swichi, au mtoto akiivuta, haizunguki kirahisi.

Umbo la swichi yenyewe hudharauliwa. Duara laini lenye nukta moja halisomeki kwa mbali wala gizani. Swichi yenye ukingo uliosimama katikati, unaoelekeza upande mmoja, husomeka kwa jicho na kwa kidole, hata umeme ukikatika. Kati ya swichi na swichi mimi huanza na milimita 25 za nafasi tupu. Chini ya hapo vidole hugusa ya jirani.

Hatari kubwa iko kwenye swichi za kununua baada ya zile za awali kuvunjika. Kijiti cha chuma kinachoingia ndani ya swichi kina upande mmoja bapa ili swichi ikae namna moja tu. Tatizo ni kwamba ubapa huo haukai upande uleule kwenye majiko yote. Ukichomeka swichi ya jiko jingine, inaingia vizuri, inazunguka vizuri, ila mshale unadanganya: unaonyesha zima wakati gesi iko wazi. Kabla ya kufungua mtungi, zungusha kila swichi kwa mwendo wa saa hadi ikwame, kisha tazama mshale. Kama hauko kwenye zima, irudishe dukani.

Halafu kuna majiko yenye kijiti kidogo cha kuhisi joto kando ya moto, kinachokata gesi moto ukizimika. Kinga nzuri sana, imeharibiwa na ukimya. Baada ya moto kuwaka lazima uendelee kubonyeza swichi kama sekunde 5 hadi 10 kijiti kipate joto. Hakuna kinachomwambia mtumiaji hivyo. Anaachia mapema, moto unazima, anarudia mara tatu, anaita fundi, na fundi wa njia za mkato anakiondoa kifaa chenyewe. Mlio mdogo wa “tik” wakati wa kuachia ungetosha.

Ukitaka kupima jiko lako la majaribio, tafuta watu watano ambao hawakushiriki kulitengeneza. Funga gesi. Weka sufuria kwenye pleti moja, sema “washa hii”, kisha nyamaza. Andika mkono ulikoenda kwanza. Ulikoishia hakukusaidii, kwa sababu watu hujisahihisha haraka na kosa linapotea. Usiwaulize kama ni rahisi. Kwa adabu tu watakujibu ndiyo. Badilisha kitu kimoja, uwaite wengine watano, maana wa kwanza wameshajifunza. Mzunguko wa mwisho fanya na mikono iliyopakwa mafuta ya kula na unga wa chapati: swichi nyingi zinazoshikika vizuri dukani huteleza hapo, hasa zile za kubonyeza na kuzungusha kwa pamoja.