Lafudhi yako haihitaji kufutwa

Jumanne alikuja kijana wa Lushoto, usaili wake ni Ijumaa. Hata kiti hakijapata joto, akaniambia: "Shikamoo mwalimu. Naomba uniondolee Usambaa mdomoni." Ombi hili nimelisikia kwa Wadigo, kwa Wabondei, hata kwa watu wa pwani wenye lahaja yao tamu ya Kimtang'ata. Limenichosha.

Wanaamini lafudhi ya kwao ndiyo inayowaangusha. Sasa nani anasema Kiswahili kisicho na lafudhi? Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ili shule na vitabu vipate lugha moja. Haukumwamuru Msambaa ajifiche.

Kwamba watu hupimana kwa usemi, ni kweli. Mwaka 1960, huko Montreal, Kanada, mwanasaikolojia Wallace Lambert na wenzake walichapisha utafiti ambamo msemaji yuleyule alisikika mara kwa Kifaransa, mara kwa Kiingereza, na wasikilizaji hawakujua kuwa ni mtu mmoja. Kwenye Kiingereza alidhaniwa mwerevu zaidi, hata mrefu zaidi, na waliozaliwa na Kifaransa nao walimpima hivyohivyo. Dosari hapo ilikuwa kwenye sikio, si mdomoni.

Mwaka 2010, watafiti Shiri Lev-Ari na Boaz Keysar wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwasikilizisha Wamarekani sentensi kama "twiga hukaa bila maji muda mrefu kuliko ngamia." Iliposomwa kwa lafudhi ya kigeni, waliiamini kidogo kuliko iliposomwa na mwenyeji. Maelezo yao ni kwamba msikilizaji akipata taabu kukufuata, taabu ile huigeuza shaka. Basi mpunguzie taabu! Hilo ndilo ninalolifundisha, na halihitaji uwe mtu mwingine.

Nilimwambia kijana ajieleze. Akasema, "Nimefanya kazi miaka mita..." silabi ya mwisho ikazama. Mitatu au mitano? Nilikuwa nimekaa naye meza moja na sikuelewa. Kisha akataja "samani ya kiwanja". Alikusudia thamani, mimi nikaona makabati na vitanda. Hiyo *th* nilimrekebisha papo hapo kwa sababu inabadili neno. Usambaa wake sikuugusa.

Zoezi langu ni moja na silibadilishi: jirekodi kwa simu ukieleza kazi zako, mpe mtu wa nyumbani asikilize mara moja tu, aandike kila namba na kila jina alilosikia. Lililokosekana kwenye karatasi, ulilimeza.

Mengine kwa ufupi. Eti maneno ni asilimia 7 tu ya mawasiliano: semina zimeipotosha kazi ya Albert Mehrabian ya 1967, iliyohusu hisia pale neno na sauti vinapopingana. Jibu bovu kwa sauti nzuri hubaki bovu. Eti kuchomeka Kiingereza ni usomi: ukiulizwa kwa Kiswahili, jibu kwa Kiswahili mpaka mwisho. Eti upole wa Kitanga ni unyonge: sema taratibu upendavyo, mradi anayekaa mwisho wa meza akusikie.

Kijana anarudi Alhamisi. Shangazi yake wa Makorora ndiye atakayesikiliza, na kijana nimemwambia asije bila ile karatasi.