Dila akikosea kwenye meza ya poka, usiguse kitu

Jumamosi iliyopita kulikuwa na poti kubwa (chipu zote zilizowekwa kwenye mkono mmoja) kwenye meza moja ninayosimamia na ikaenda kwa mtu ambaye hakuishinda. Mezani zilikuwa zimelala karata za pamoja 5, 6, 7, 8 na kingi. Jamaa wa kiti cha tatu akafungua kingi na 9, mwenzake akafungua kingi na 8, dila, yaani mgawa karata, akaona pea ya kingi huku, pea mbili kule, akasukuma chipu kwa mwenye pea mbili. Hata mwenye 9 mwenyewe aliangalia karata zake akaona kingi tu, akanyamaza. Yaani straiti ya 5 mpaka 9, karata tano zinazofuatana ambazo zinashinda pea mbili, imelala hapo mbele ya watu tisa na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo! Dila akakusanya, akachanganya, akaanza kugawa mkono mwingine, hapo ndo jirani akamnong'oneza mwenye 9 "bro, si ulikuwa na straiti wewe?" na kelele zikaanza, nikaitwa.

Nilimwambia ukweli, siwezi kumsaidia tena. Mkono mpya ukianza ule wa zamani umefungwa, na kuanza kwenyewe kunahesabiwa dila akichanganya karata mara ya kwanza tu, au akibonyeza kitufe cha ile mashine ya kuchanganya. Angeongea sekunde kumi mapema ningesimamisha kila kitu, karata zingesomwa upya na pesa ingerudi kwake. Iliniuma, kwa sababu alikuwa na haki kabisa.

Nilikaa kiti cha dila miaka sita hapa Nairobi kabla sijapewa kazi ya floo, msimamizi anayeamua ubishi mezani, na kitu ninachotamani kila mchezaji akijue ni hiki: makosa mengi ya dila yanarekebishika, lakini tu wakati ushahidi bado uko pale ulipoangukia. Ushahidi ni karata zenyewe, zile zilizochomwa (zilizowekwa pembeni uso chini bila kuchezwa), zilizobaki mkononi mwa dila, na chipu zikiwa mbele ya mwenyewe. Kikisogezwa kimoja tu, mimi nabaki kusikiliza hadithi za watu tisa zisizofanana.

Na dila atakosea, hilo lijue kabla hujanunua chipu. Meza ya watu tisa inatoa kama mikono 25 hadi 30 kwa saa, kila mkono dila anagawa, anafuata nani anacheza, anahesabu beti, anatenga poti za pembeni, anasoma karata, na wakati huohuo mtu wa kiti cha nane anamuuliza chai imefika wapi.

Kwa hivyo ukiona kosa sema "dila, ngoja kidogo" kwa sauti inayosikika na uweke mikono yako mbali na karata. Basi. Usinyooshe mkono kuonyesha karata kwa kuigusa, usirudishe chipu zako, usianze kueleza ilivyopaswa kuwa. Nakumbuka siku dila mgeni alifungua flopu, zile karata za kwanza za pamoja, yenye karata nne badala ya tatu na mzee mmoja, kwa nia njema kabisa, akaivuta moja pembeni akisema "hii ndo ilitoka mwisho." Labda alikuwa sawa. Lakini utaratibu hauulizi ipi ilitoka mwisho, dila anazifudikiza zote nne, anazivuruga, halafu floo anachagua moja bila kuona, hiyo inakuwa ndo ya kuchomwa kabla ya karata ya nne, na tatu zinazobaki ndo flopu. Watu wanachukia sana hii, hasa yule aliyeona flopu yake nzuri ikiondoka, lakini ukiruhusu mtu mmoja aamue ipi ni ya mwisho, kesho mwenye pesa nyingi au sauti kubwa ndo atakuwa anachagua.

Karata ikipinduka wakati wa kugawa pia inaleta fujo bure. Kama dila amefunua karata yako kwa bahati mbaya, usiikatae wala usidai mkono ufutwe, yeye anaendelea kugawa mpaka amalize, anakupa ingine kutoka juu, na ile iliyofunuliwa inakuwa ya kwanza kuchomwa. Mkono unaanzwa upya kama mojawapo ya zile mbili za kwanza kabisa kutoka kwenye pakiti imefunuka, au zikifunuka mbili zingine zozote kwa kosa la dila. Ukiifunua wewe mwenyewe kwa kuinua vibaya, hiyo ni yako, utacheza nayo.

Sasa kuna muda wa mwisho ambao wengi hawaujui. Tuseme dila amekuruka, hukupewa karata kabisa. Ukisema mara moja, karata zote zinarudi na zinagawiwa upya. Lakini mchezo ukishatembea vya kutosha hakuna kufuta tena, mkono unaendelea bila wewe, na "vya kutosha" ina kipimo chake: watu wawili wameshacheza kwa zamu na kuweka chipu, au watu watatu wamecheza kwa namna yoyote hata kama ni kufoldi tu, yaani kuacha mkono. Blaindi, zile beti za lazima za mwanzo, hazihesabiwi hapo. Piga hesabu basi, watu watatu kufoldi ni sekunde nne tano hivi, na kama ulikuwa kwenye simu ukijibu meseji zimeisha. Mtu ananiambia "lakini si kosa langu" na ni kweli si lake, ila wenzake wameshaonyesha nia zao kwenye huo mkono na siwezi kuwanyang'anya.

Riva, karata ya pamoja ya tano na ya mwisho, ikifunguliwa kabla watu hawajamaliza kubeti, tulia vilevile. Karata ile inarudi kwenye zile zilizobaki, watu wanamaliza kubeti, zinachanganywa, inatolewa nyingine bila kuchoma tena. Najua inavyouma kuona kopa uliyoingoja usiku kucha ikirudishwa ndani, mimi mwenyewe nimeshawarudishia watu flashi zao (karata tano za alama moja) na kuona nyuso zao.

Kuna kosa moja nililofanya mwenyewe mwaka wangu wa kwanza na bado nalibeba. Kiti cha kwanza na cha mwisho viko kwenye viwiko vya dila kabisa, karata za hapo na rundo la zilizotupwa zinakaribiana sana. Kulikuwa na mama mmoja kiti cha kwanza, alikuwa ameshakoli 1,200, yaani ameweka sawa na beti ya mwenzake, karata zake ziko mbele wazi bila kitu juu yake, mimi nikakusanya karata za aliyefoldi pembeni yake na mkono wangu ukazoa na zake zikaingia kwenye rundo. Akasema "mwanangu, hizo ni zangu!" Zingekuwa zimelala kando, zinatambulika asilimia mia moja bila ubishi, floo angeweza kumrudishia. Zilikuwa zimeshachanganyika. Kanuni iko wazi kwamba kulinda karata ni kazi ya mchezaji, kwa hivyo mkono wake ulikufa na zile 1,200 zikabaki kwenye poti. Angekuwa ameraizi, yaani ameongeza beti, na hakuna aliyeikoli, ile nyongeza angerudishiwa, lakini alikuwa amekoli tu. Hakunitukana. Alikaa kimya, akaniambia endelea kugawa, na tangu siku hiyo kila mtu akikaa kiti cha kwanza au cha mwisho kwenye meza zangu namwambia mapema, boss weka chipu moja juu ya karata zako na usiitoe mpaka umalize. Fanya hivyo kiti chochote.

Pesa nazo. Dila akikuambia beti ni 4,000 na wewe ukasema "nakoli" bila kuangalia, halafu ikahesabiwa ikawa 14,000, usitegemee sana kuokolewa. Anayekoli ndiye anatakiwa kujua kiasi, hata kama dila au mtu mwingine alitaja vibaya, ingawa floo ana nafasi ya kutumia busara. Uliza dila ahesabu, zikiwa zimetandazwa, na usione aibu. Na wewe unayebeti msaidie, chipu kubwa ziweke mbele zionekane, usitupe chipu katikati ya poti zikachanganyika maana hapo hakuna anayeweza kuthibitisha umeweka ngapi. Ukitupa chipu moja kubwa bila kusema neno, hiyo ni koli, hata kama moyoni ulitaka kuraizi. Sema kwanza, neno lako ndo linashika.

Swali ninaloulizwa sana ni kama mtu ambaye hayuko kwenye mkono anaruhusiwa kuongea. Mchezo ukiwa unaendelea, hapana, usimshauri mtu wala usiseme ulitupa nini, kila mkono una mchezaji mmoja. Lakini karata zikishafunguliwa zikalala mezani uso juu, mambo yanabadilika kabisa, hapo karata zenyewe ndo zinaongea na yeyote aliyeona dila amesoma vibaya au anasukuma poti kwa mtu asiye wake anatakiwa aseme, awe anacheza au hachezi. Wale wawili walioiona straiti Jumamosi waliniambia baadaye hawakutaka kuingilia. Nimewaelewa, lakini kunyamaza kwao kulimgharimu mtu poti. Na wewe mwenye karata, fungua zote mbili uziache hapo, usizirudishe mpaka poti imesukumwa, kwa sababu mkono ulioshinda ukiwa umefunguliwa wazi dila hawezi kuuua hata akiukusanya kwa makosa, ilimradi useme kabla mkono mpya haujaanza. Ukizitupa mwenyewe uso chini ukiamini umeshindwa, hiyo stori imeisha.

Lugha pia, na hili ni letu kabisa. Kwenye meza za hapa utakuta Mkenya, Mhindi, Mchina na Mwitaliano wamekaa pamoja, na wawili wakianza kupiga Kiswahili au Kigujarati katikati ya mkono wengine wanahisi wanapangwa. Uliza nyumba, yaani wenye ukumbi, inataka lugha gani mkono ukiwa unaendelea, baada ya hapo ongea unachotaka.

Kuhusu dila mwenyewe, naomba sana. Amekosea, ameshaona, uso umempasha moto na bado ana dakika ishirini kabla ya kubadilishwa. Kumwita majina, kumrushia karata, kumlaumu kwa riva iliyokuumiza, hayo yote yanafanya mkono unaofuata ugawiwe na mtu anayetetemeka, na anayetetemeka anakosea tena. Kama hutaki kumpa bakshishi usimpe, ni pesa yako. Ukiona anakosea kila mara njoo uniambie pembeni, nitamtoa apumzike, nimefanya hivyo mara nyingi na hakuna aliyehitaji kuaibishwa.

Na ukitaka floo, sema "floo" na usubiri, usikubali mezani mkaamua wenyewe hata kama wote mmekubaliana. Nikifika dila anaeleza kwanza, halafu nawasikiliza wahusika mmoja mmoja. Nyumba nyingi zinafuata kanuni za TDA, chama cha wasimamizi wa mashindano kilichoanzishwa Marekani mwaka 2001, na ya kwanza kabisa kwenye kanuni zao inasema haki na maslahi ya mchezo ndo yanatangulia, hata mbele ya herufi ya kanuni zingine pale jambo likiwa si la kawaida. Kwa hivyo sitoi uamuzi kwa kuangalia nani mteja mkubwa. Kabla ya yote nitauliza meza nzima swali moja, tangu kosa litokee kuna mtu amegusa kitu? Wakinijibu hapana, mara nyingi dakika mbili hazifiki tunaendelea kucheza.