Dereva wa vifurushi Marekani: anza na jina la mwajiri kwenye karatasi ya mshahara

Kwa wenzetu wengi wanaofika Marekani, hasa kutoka Kongo na Burundi, kazi ya kupeleka vifurushi ni mlango ulio karibu. Leseni ya kawaida ya gari hutosha kwa magari madogo, na Kiingereza cha kuanzia nacho hutosha. Swali ninaloulizwa mara nyingi ni kama mahali fulani pana chama cha wafanyakazi. Mimi huomba kwanza kuona karatasi ya mshahara, kwa sababu jina la mwajiri lililoandikwa pale ndilo linaloamua una haki zipi na utazidai kwa nani.

Tazama mtaa wowote mchana. Gari la kahawia ni la UPS, na dereva wake ameajiriwa na UPS yenyewe. Gari lenye nembo ya Amazon kwa kawaida huendeshwa na mtu aliyeajiriwa na mkandarasi mdogo mwenye magari kati ya 20 na 40, chini ya mpango ulioanzishwa 2018 unaojulikana kwa kifupi kama DSP. FedEx Ground nayo hupitia makandarasi. Anayepeleka maboksi ya Amazon Flex kwa gari lake mwenyewe huhesabiwa na kampuni kuwa amejiajiri: mafuta, matairi na kodi yote ni juu yake. Sheria ya mahusiano kazini ya 1935 humlinda mwajiriwa anayejiunga na wenzake, lakini haimgusi aliyejiajiri. Na FedEx Express, yenye ndege, iko chini ya sheria ya reli na ndege. Huko kituo kimoja hakiwezi kupiga kura ya kuunda chama peke yake. Lazima kura ipigwe na madereva wa nchi nzima, na hiyo ni sababu kubwa ya madereva wake kukosa chama hadi leo.

UPS ndiko chama cha Teamsters kilikoota mizizi. Mkataba wa pamoja ulihusu wafanyakazi wapatao 340,000 mwaka 2023, na kila kipengele chake kizuri kimegharimu kitu. Mwaka 1997 wafanyakazi wapatao 185,000 waligoma kwa siku 15, dai kuu likiwa kugeuza ajira za saa chache kuwa za kudumu. Mwaka 2018 ulipitishwa mkataba uliounda tabaka la pili la madereva, maarufu kama 22.4 kutokana na namba ya kifungu chake: kazi zilikaribiana na za madereva wa kawaida, ujira ukawa pungufu. Asilimia 54 ya waliopiga kura waliukataa, lakini katiba ya chama wakati huo ilidai theluthi mbili za kukataa endapo waliojitokeza hawafiki nusu ya wanachama. Kwa hiyo ukapita. Hasira ya kura ile ndiyo iliyobadilisha chama kutoka ndani: kanuni ya theluthi mbili ilifutwa katika mkutano mkuu wa 2021, na mwaka huohuo Sean O'Brien akachaguliwa kuwa rais wa chama.

Matunda yalionekana 2023. Asilimia 97 ya waliopiga kura waliidhinisha mgomo iwapo mazungumzo yangeshindikana, makubaliano yakafikiwa siku chache kabla ya mkataba wa zamani kwisha tarehe 31 Julai, na mwezi Agosti wanachama wakaukubali mpya kwa asilimia 86.3. Tabaka la 22.4 lilifutwa. Nyongeza ni dola 7.50 kwa saa ndani ya miaka mitano, 2.75 kati yake mwaka wa kwanza. Mpakiaji wa saa chache huanza na dola 21. Dereva wa kudumu aliyemaliza ngazi zote anatarajiwa kufikia wastani wa dola 49 kwa saa mwishoni mwa mkataba, 2028. Dereva mpya asisome hiyo 49 akadhani ni yake: yeye huanza na 23 na kupanda kwa miaka minne.

Kuhusu joto, mkataba unataka kiyoyozi katika magari mapya yanayonunuliwa tangu 1 Januari 2024, na feni katika yaliyokuwepo. Naona kipengele hiki kina udhaifu. Gari la kahawia hudumu miaka mingi, hivyo dereva wa Texas anaweza kusubiri muda mrefu kabla kiyoyozi hakijamfikia. Wala mkataba hauzuii mizigo kupungua. Mwaka 2025 UPS ilitangaza kupunguza ajira 20,000 na kufunga majengo 73, huku ikikata zaidi ya nusu ya mizigo ya Amazon inayoibeba.

Faida ambayo watu hawaizungumzii vya kutosha ni saa. Dereva wa kudumu wa UPS hulipwa ovataimu baada ya saa 8 za siku, wakati sheria ya taifa huhesabu baada ya saa 40 za wiki. Pia ipo orodha ya 9.5: aliyejiandikisha akipitishwa saa 9.5 mara tatu katika wiki moja anaweza kufungua malalamiko rasmi, na akishinda, muda uliozidi hulipwa mara tatu. Asiyejiandikisha hapati malipo hayo ya mara tatu, hata akifanya kazi saa 12.

Kwa mkandarasi hakuna orodha kama hiyo, kwa hiyo lazima ujue hesabu yako mwenyewe. Wapo wanaoambiwa kuwa dereva wa mizigo hastahili ovataimu. Msamaha huo wa madereva upo kweli, ila tangu 2008 hauwahusu wanaoendesha magari yenye uzito wa juu ulioidhinishwa usiozidi pauni 10,000. Fungua mlango wa dereva usome kibandiko kwenye fremu. Uzito umeandikwa pale. Magari mengi madogo ya vifurushi yako ndani ya kiwango hicho.

Ukilipwa kwa siku, bado unadai. Chukua dola 180 kwa siku, siku tano, saa 50. Jumla ni 900. Gawa kwa 50 upate dola 18 kwa saa. Kwa kila saa iliyozidi 40 unadai nusu ya hiyo juu yake, yaani dola 9 mara 10. Mwajiri asipoongeza 90 kwenye ile 900, amekupunja.

Wizi mwingine huja kimyakimya kupitia chakula. Mfumo hukata dakika 30 kila siku, ule usile. Sheria ya taifa haimlazimishi mwajiri kutoa mapumziko ya chakula, lakini akiyakata kwenye malipo lazima uwe umeachiwa kabisa kazi. Kwa anayelipwa dola 22 ambaye tayari amepita saa 40, nusu saa tano kwa wiki ni dola 82.50. Hesabu pia muda wa kukagua gari, kusubiri kupakia na kurudisha maboksi yaliyoshindikana. Andika kwenye daftari lako saa ya kufika na saa ya kuondoka, kwa sababu rekodi za programu hutoweka siku unapofungiwa akaunti. Madai ya mshahara hufa baada ya miaka miwili, au mitatu ikithibitika kuwa mwajiri alikusudia.

Sasa chama. Kisheria zinatosha sahihi za asilimia 30 ya madereva wa kituo kuomba kura kwa bodi ya mahusiano kazini, NLRB. Nakushauri usipeleke ombi kabla ya kufika 65 au 70, kwani mikutano ya mwajiri ya kuwatisha watu itakupunguzia kura. Kila kadi ambayo dereva anajaza kuomba chama iwe na sahihi na tarehe. Isiyo na tarehe huleta matatizo. Kadi hukaguliwa na bodi, mwajiri haonyeshwi majina. Kura ni ya siri, na ushindi ni zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, si ya waajiriwa wote. Kama wenzako hawasomi Kiingereza, omba mapema karatasi ya kura na mkalimani wa Kiswahili.

Penye mkandarasi, kushinda kura ni nusu ya safari. Mwezi Aprili 2023 madereva 84 wa mkandarasi mmoja wa Amazon huko Palmdale, California, walijiunga na Teamsters na mkandarasi akawatambua. Amazon ikakatisha mkataba na mkandarasi huyo, ikisema uamuzi huo ulitangulia chama, na ikasisitiza kuwa madereva si waajiriwa wake. Agosti 2024 ofisi ya NLRB ya eneo hilo iliona kuna msingi wa kuiona Amazon kuwa mwajiri mwenza, yaani mwajiri pamoja na mkandarasi. Hatua kama hiyo bado si hukumu, na kesi huchukua miaka. Sehemu kubwa ya 2025 bodi yenyewe haikuwa na wajumbe wa kutosha kutoa maamuzi.

Kinachobeba hoja ya mwajiri mwenza ni ushahidi wa nani anatawala kazi. Ukusanyeni kuanzia siku ya kwanza: nani alipanga njia na idadi ya vituo vya kushusha vifurushi, nani anaweka kanuni za sare na ndevu, kamera ya ndani ya gari ni ya nani, alama za wiki zinatoka kwa nani, na nani aliamuru dereva fulani asiingie tena kazini. Piga picha ujumbe kwa simu yako binafsi, si kifaa cha kazi.

Ukifukuzwa au kupunguziwa zamu kwa kuzungumzia mshahara na wenzako, peleka malalamiko ofisi ya NLRB ya eneo lako ndani ya miezi sita. Hakuna ada wala ulazima wa wakili. Anayeishi bila kibali naye analindwa na sheria hii, ingawa tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya 2002 hawezi kulipwa mishahara ya muda aliokuwa nje ya kazi. Na ikiwa kazini pana chama tayari, ukiitwa kwenye mahojiano yanayoweza kuleta adhabu, omba mwakilishi wa chama akae nawe kabla hujajibu lolote. Lazima uombe mwenyewe; bosi hana wajibu wa kukukumbusha.