Farmakojenetiki: dozi moja, miili tofauti

"Dawa hii haipatani na damu yangu." Anayesema hivyo mara nyingi huonekana anadeka. Kumbe jambo analolieleza lina elimu yake: farmakojenetiki, inayochunguza jinsi jeni tulizorithi zinavyoamua dawa itafanya nini mwilini. Jina hilo lilitungwa na Mjerumani Friedrich Vogel mwaka 1959. Ila mara nyingi wa kuulizwa si damu, ni ini.

Dawa nyingi tunazomeza huvunjwavunjwa na vimeng'enya vya ini, na kila kimeng'enya huundwa kwa kufuata jeni, nakala moja ya baba na nyingine ya mama. Tuchukue efavirenzi, dawa ya VVU iliyotumika sana Afrika Mashariki kabla ya dolutegraviri kushika nafasi yake. Dozi ya kawaida ya mtu mzima ilikuwa miligramu 600 kila usiku. Kimeng'enya kikuu kinachoivunja huitwa CYP2B6, na aina yake ya polepole imeenea zaidi Afrika kuliko Ulaya. Aliyerithi aina hiyo kwa wazazi wote wawili, dawa humrundikia mwilini: kizunguzungu, ndoto za ajabu, wengine hata huzuni nzito. Mwenzake kameza kidonge kilekile na kalala fofofo. Kwa hiyo yule hakuwa anadeka.

Kodeini, dawa ya kutuliza maumivu, huenda kinyume. Yenyewe ni dhaifu. Sehemu yake ndogo hugeuzwa na CYP2D6 kuwa mofini, ndipo maumivu yatulie. Ambaye kimeng'enya chake hakifanyi kazi hapati nafuu ya maana, hata akirudi famasi mara tatu. Mwenye nakala za ziada za jeni hiyo huipata mofini haraka na kwa wingi, na akiwa mtoto anaweza kuacha kupumua. Nakala hizo ni nyingi Ethiopia, na nchi hiyo iliamua kuipiga marufuku kodeini. Marekani, tangu 2017, imekataza wenye umri chini ya miaka 12 kupewa.

Lakini tusikimbilie kutaja makabila. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana kabisa, kwa kuwa kila mmoja alipata mgao wake. Kinachojibu ni kipimo cha jeni, ambacho hospitali zetu nyingi bado hazina. Na tofauti na kipimo cha malaria, hiki hupimwa mara moja: jeni ulizozaliwa nazo hazibadiliki.