Tumba francesa ni nini?

Tumba francesa ni ngoma ya mashariki ya Cuba, na ni pia chama cha watu wanaoicheza. Mapinduzi ya watumwa yalipozuka mwaka 1791 katika koloni la Kifaransa la Saint-Domingue, ambalo leo ni Haiti, walowezi wengi walikimbilia Santiago de Cuba na Guantánamo pamoja na watumwa wao, nao watumwa hao wakaja na midundo ya Afrika Magharibi iliyokwisha kuchanganyika na dansi za Kifaransa.

Mwimbaji kiongozi, aitwaye composé, huanzisha wimbo kwa Kihispania au kwa krioli yenye asili ya Kifaransa. Hujibiwa kwanza na catá, gogo lililotobolewa ndani na kugongwa kwa vijiti, kisha huingia ngoma tatu ziitwazo tumba, ambazo kila moja imechongwa kwa kipande kimoja cha mti na hupigwa kwa mikono. Wanawake, wakiwa wamevaa magauni marefu na vitambaa vya rangi, huitikia huku wakitikisa manyanga ya bati yaitwayo chachá, na mchezo wote husimamiwa na mayor de plaza.

Katika mchezo wa masón, wachezaji huenda wawiliwawili kwa madaha ya kumbi za mabwana wa Kifaransa, na kwa maoni yangu hakosei anayeona kejeli ndani ya madaha yale. Yubá ni wa kasi zaidi na hutungwa papo hapo. Katika frenté mwanamume mmoja hushindana na premier, tumba inayoongoza nyingine.

Utumwa ulipokomeshwa Cuba mwaka 1886, watu wengi waliokuwa huru walihamia mijini kutafuta kazi, na vyama hivi vikastawi vikiwa pia mahali pa kusaidiana. Leo vimebaki vitatu tu: kimoja Santiago, kimoja Guantánamo na kimoja Sagua de Tánamo. UNESCO iliitangaza tumba francesa kuwa urithi wa binadamu mwaka 2003.

Isichanganywe na vikundi vya jukwaani kama Conjunto Folklórico Nacional, kilichoundwa Havana mwaka 1962, ambacho wasanii wake wa kulipwa huonyesha mila nyingi za Cuba katika onyesho moja. Chama cha tumba hulinda mila yake yenyewe, nayo hupokewa zaidi ndani ya familia, mtoto akijifunza kwa wazee.