Kuita fanksheni kabla ya kuifafanua

Wanaojifunza programu huambiwa mapema kwamba fanksheni, yaani kipande cha programu chenye jina, lazima iandikwe juu ya mstari unaoiita. Katika C hiyo ni nusu ya ukweli, katika Python ni kuchanganya mambo, na katika Java au Go si kweli hata kidogo.

Dhana yenyewe ni fupi. Unapoita fanksheni unataja jina, na lugha hulitafutia jina hilo maana. Inalitafuta lini, na inataka kujua nini wakati huo? Hapo ndipo lugha zinapoachana.

Kompaila ya C, yaani programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine, husoma faili kutoka juu kwenda chini. Ikikuta mwito haidai mwili wa fanksheni, yaani maagizo yaliyo ndani yake. Inataka kujua inapokea nini na inarudisha aina gani. Mstari mmoja, `double nusu(double x);`, unatosha. Huko ni kutangaza. Kufafanua ni kuandika mwili, na mwili unaweza kukaa chini kabisa au katika faili lingine. Ukitangaza ukasahau kufafanua, kompaila itanyamaza, na linka, programu inayounganisha vipande vilivyotafsiriwa, ndiyo itakayolalamika: `undefined reference`. Wanaosema "iweke juu tu" wajaribu fanksheni mbili zinazoitana. Ipi itangulie?

Zamani hata kutangaza hakukuwa lazima. Sanifu ya C ya 1989 iliruhusu fanksheni isiyojulikana ichukuliwe kuwa inarudisha `int`, yaani namba nzima. C99, sanifu ya 1999, ikaiondoa ruhusa hiyo, lakini GCC, kompaila maarufu ya C, iliendelea kutoa onyo tu hadi toleo la 14, mwaka 2024, lilipoligeuza kuwa kosa. Onyo hilo lilipuuzwa mno. Kwenye mashine ya biti 64, fanksheni yako inayorudisha anwani ya kumbukumbu ya baiti 8 ikidhaniwa ni `int`, zinabaki baiti 4, na programu inakuja kuanguka mbali na mstari wenye kosa.

Python haina kutangaza. `def` hutekelezwa kama sentensi nyingine yoyote, na ikishatekelezwa jina lipo. Ndani ya `salimu()` unaweza kutaja `jina()` iliyoandikwa mistari mia chini yake, kwa kuwa jina hutafutwa mstari huo unapotekelezwa. Kinacholeta `NameError`, kosa la jina lisilojulikana, ni kuita `salimu()` wakati `def jina` bado haijafikiwa. Weka mwito wa kwanza mwisho wa faili, yaishe.

JavaScript ndiyo inayosingiziwa zaidi, eti hupandisha fanksheni juu ya faili. Hakuna mstari unaohama. Kabla ya kutekeleza chochote, injini, yaani programu inayoendesha JavaScript, husajili majina: `function salimu() {}` huingia na mwili wake, `var` huingia ikiwa `undefined`, nazo `let` na `const` huingia bila thamani na haziguswi hadi mstari wao ufikiwe. Anayeshikilia kwamba kila fanksheni hupandishwa aandike `const salimu = () => {}` chini ya mwito wake. Atapata `ReferenceError`. Akibadilisha kuwa `var` atapata `TypeError`, maana jina lipo ila bado si fanksheni.