Ukikiri kosa kwa makubaliano, je, rufaa imekufa?

Wengi huamini kwamba mshtakiwa akishasaini makubaliano ya kukiri kosa na upande wa mashtaka, adhabu imeshapangwa na mlango wa rufaa umefungwa kabisa. Dhana hii ina chembe ya ukweli, ndiyo maana imedumu.

Kwa kawaida mwendesha mashtaka hufuta baadhi ya mashtaka au hupendekeza adhabu nafuu. Hupendekeza tu: katika nchi nyingi anayetoa adhabu ni hakimu, naye anaweza kuyakataa makubaliano. Kabla ya kuyapokea, humuuliza mshtakiwa kama ameelewa shtaka na haki anazoziacha, na kama amekiri kwa hiari.

Rufaa hupungua kweli. Aliyekiri kwa kawaida hawezi kurudi kubishania ushahidi. Lakini ikiwa alilazimishwa kukiri, au adhabu aliyopewa inazidi ukomo wa sheria, mara nyingi bado husikilizwa, mradi asichelewe. Muda wa kukata rufaa huwa mfupi.

Anayetaka kuhakiki aanze na sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai ya nchi yake, kisha asome hati yenyewe, hasa kifungu kinachotaja haki ya rufaa (watu husaini bila kukifikia). Hukumu nyingi za mahakama za rufaa husomwa bure kwenye intaneti.